Jinsi ya kuonyesha mitokondria zikifanya kazi, kwa hamira ya mandazi

Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya kutwa ya sekondari huku Eastlands, Nairobi. Naosha neli, nachanganya kemikali, nafunga kabati la asidi, na mada ya upumuaji wa seli ikifika, mimi ndiye ninayeandaa meza. Wanafunzi huja na jibu la alama moja wamelikariri: mitokondria, zile sehemu ndogo ndani ya seli, ndizo zinazoipa seli nguvu. Sawa. Ukiwauliza zinaipaje, na kazi hiyo ikisimama mtu anaumwa nini, wanaanza kutazamana.

Ndiyo maana sianzi na ule mchoro wa ubaoni wenye umbo la haragwe. Naanza na kitu wanachoweza kukitazama kikitendeka. Mwongozo huu ni wa mwalimu, wa fundi mwenzangu, na wa mzazi ambaye hana maabara ila ana jikoni.

Vitu vya kutafuta

Hamira kavu ya paketi, ile ya kuumulia mandazi. Usichukue iliyoanikwa juani kwenye dirisha la kioski; hamira ni viumbe hai, na ikishakufa utabaki unaangalia maji machafu. Sukari. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, yale ya maji. Neli nne za majaribio, au nyumbani chupa nne ndogo za kioo zinazolingana.

Kinachosumbua watu ni rangi: methilini buluu ya asilimia 0.1. Maduka ya kemikali za shule mjini huwa nayo, na wanaouza samaki wa mapambo huiuza kama dawa ya ukungu wa samaki. Soma lebo uhakikishe haijachanganywa na dawa nyingine. Na usiivalie shati jeupe la sare. Mama wa mtoto atakutafuta.

Halafu maji ya vuguvugu. Kama huna kipimajoto, changanya kikombe kimoja cha maji yanayochemka na vikombe vitatu vya maji ya bomba. Hapa Nairobi, kwa kuwa tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Mchanganyiko huo utakupa nyuzi 37 au 38, joto ambalo hamira hulipenda. Mwezi wa Julai usiliruke jambo hili. Maabara yetu asubuhi huwa baridi kiasi kwamba kipindi kinaweza kwisha rangi ikiwa vilevile.

Namna ya kufanya

Koroga kijiko kimoja cha chai cha hamira katika nusu kikombe cha maji ya vuguvugu. Iache dakika kumi iamke. Gawanya kwenye neli nne kwa kipimo kimoja, mililita 10 hivi kila moja, na uziandike namba.

Neli ya kwanza itie chembe za sukari, kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Ya pili usiitie sukari kabisa. Ya tatu itumbukize ndani ya sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika kumi, iache ipoe, ndipo uitie sukari. Ya nne itie sukari kama ya kwanza.

Sasa dondosha matone matano ya methilini buluu katika kila neli. Pindua kila moja mara moja tu ichanganyike, uisimamishe. Juu ya neli ya nne mimina mafuta taratibu, yatande kama kimo cha kidole kilicholala. Zisimamishe zote ndani ya bika au kikombe kikubwa chenye maji ya vuguvugu. Kuanzia hapo hakuna kutikisa wala kugusa. Hili la kutogusa ndilo gumu kuliko yote ukiwa na vijana wa kidato cha pili.

Baada ya dakika chache neli ya kwanza itaanza kupauka kuanzia chini. Buluu itakuwa kijivu, kijivu kitakuwa rangi ya uji mwepesi, na juu kabisa kutabaki pete nyembamba ya buluu. Waambie wainame waitazame pete hiyo kwa macho yaliyo usawa wa neli. Ya nne, yenye mafuta, itapauka yote bila pete. Ya pili itachelewa lakini nayo itapauka, maana hamira hujiwekea akiba ya chakula ndani ya seli zake. Ya tatu itabaki buluu.

Kisha itikise neli ya kwanza kwa nguvu. Buluu inarudi yote papo hapo. Isimamishe tena, nayo inaanza kupotea upya. Hapo ndipo hata yule anayekaa nyuma na simu chini ya dawati huuliza, “Kwani imeenda wapi?”

Imeenda wapi

Jibu hili ndilo somo lenyewe, kwa hiyo usiliharakishe.

Seli ikivunja sukari inatoa elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Elektroni hizo hupokezanwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, kutoka kundi moja la protini hadi jingine, na mwisho wa safari hupokewa na oksijeni ikawa maji. Hiyo ndiyo kazi ya oksijeni unayoivuta mchana na usiku: kupokea elektroni mwisho wa mstari. Methilini buluu nayo huzipokea njiani, na ikizipokea hupoteza rangi. Maadamu kuna oksijeni ndani ya maji, rangi huikabidhi oksijeni elektroni hizo mara moja na kubaki buluu. Hamira ikishaimaliza oksijeni, rangi haina wa kumkabidhi, inabaki nyeupe. Pete ya juu ni mahali hewa inapoendelea kuingia. Mafuta yanaizuia. Kutikisa kunaiingiza upya.

Mwalimu asiseme kwamba kila elektroni inayoifikia rangi imetoka kwenye mitokondria. Vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia) vilivyo nje yake, kwenye maji ya seli, navyo huchangia. Kilicho cha mitokondria hasa ni ule ulaji wa oksijeni. Mwanafunzi mwenye akili atakuuliza, na ni afadhali uwe na jibu.

Je, hayo yanatoaje nguvu? Elektroni zinapopita, protini hizo husukuma protoni, chembe zenye chaji chanya, kutoka upande mmoja wa utando wa ndani hadi wa pili. Protoni hurundikana upande mmoja na kutaka kurudi. Njia yao kuu ni kupitia kimeng'enya ambacho kwa kweli huzunguka, na kila kikizunguka mara moja hutengeneza molekuli tatu za ATP, ile inayobeba nguvu ambayo seli huitumia. Kinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Wazo la protoni alilitoa Mwingereza Peter Mitchell mwaka 1961, akapingwa miaka mingi, akaendelea na utafiti wake ndani ya nyumba ya mashambani aliyoikarabati huko Cornwall, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Huwa napenda kulitaja hilo kwa wanafunzi wa shule isiyo na vifaa.

Kwa nini sukari chembe tu? Kwa sababu hamira ikishindiliwa sukari nyingi huacha kupumua ikageukia kuchachusha, yaani kuvunja sukari bila kutumia oksijeni, hata kama oksijeni ipo. Hamira ni kiumbe cha ajabu hivyo. Katika miaka ya 1940 huko Paris, Boris Ephrussi aligundua hamira zinazoota makundi madogo madogo kwa sababu zimepoteza uwezo wa kutumia oksijeni, na bado zinaishi kwa uchachushaji peke yake. Binadamu hawezi hivyo. Bila oksijeni, sukari moja inampa ATP mbili tu na asidi ya lakti, na ubongo na moyo havikubali mgao huo hata kwa dakika chache. Shika tofauti hiyo, ndiyo daraja la kwenda kwenye magonjwa.

Kama una hadubini

Chukua tone la neli ya kwanza na tone la neli ya tatu, uyaweke kwenye slaidi mbili. Kwa ukuzaji wa mara 400 utaona seli hai hazina rangi, ni viduara vyeupe vyenye ukingo mwembamba, na zilizochemshwa zimenywa buluu mwili mzima. Seli hai inaiondolea rangi hiyo buluu yake inapoingia. Iliyokufa haina uwezo huo.

Kuziona mitokondria zenyewe ni kazi nyingine. Upana wake ni kati ya nusu mikromita na mikromita moja, yaani uko karibu na mwisho wa uwezo wa hadubini ya shule. Ngozi ya ndani ya kitunguu inafaa. Bambua ule utando laini wa tabaka la ndani, ukate kipande kidogo kama ukucha wa kidole kidogo, ukitandaze bila mikunjo ndani ya tone la maji yenye sukari kidogo. Ukiweza kupata chupa yenye lebo ya Janus Green B, rangi inayoonyesha mitokondria, tia tone la mchanganyiko mwepesi mno, wa asilimia 0.01 au 0.02, uliotengenezwa siku hiyohiyo. Funga kiwambo cha mwanga hadi picha iwe na giza kidogo, utazame pembezoni mwa seli, ambako maji ya seli hutiririka. Vidoti vya kijani-buluu vinavyosafiri ndani ya mkondo huo ndivyo mnavyovitafuta. Wahi, kwa sababu oksijeni chini ya kile kioo cha kufunikia ikiisha rangi nayo hupotea, na sababu yake wanafunzi wako sasa wanaijua.

Kama rangi hiyo hukuipata, usihangaike. Bado utaona chembechembe zikitiririka, ila usimwapie mwanafunzi kwamba kila chembe ni mitokondria.

Kutoka kwenye neli hadi kwa mgonjwa

Hapa walimu wengi huruka, eti haimo kwenye silabasi. Mimi hukaa hapa muda mrefu kuliko mahali pengine.

Anza na jiko la makaa. Msimu wa baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, kuna watu wa jiji hili wanaoingiza jiko ndani, wanafunga dirisha na kulala. Kaboni monoksidi haina harufu. Inashika damu isibebe oksijeni, na ile inayofika kwenye seli inang'ang'ania kundi la nne la protini, lile linaloikabidhi oksijeni elektroni. Fikiria mzunguko wa City Stadium ukifungwa asubuhi: matatu zinasimama Jogoo Road yote hadi Donholm, ingawa huko nyuma hakuna gari lililoharibika. Ndivyo elektroni zinavyokwama mstari mzima. Protoni hazisukumwi, ATP haipatikani. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuja, na mtu hajui kwamba anatakiwa kutoka nje. Waambie wanafunzi waseme hilo nyumbani jioni hiyohiyo: jiko libaki nje, na ukihisi kichwa kinauma, toeni kwanza watu wote chumbani, maswali baadaye. Usijaribu kamwe kuonyesha sumu hii darasani, hata kwa mdudu.

Sianidi inashika mahali hapohapo. Mihogo michungu huibeba, ndiyo sababu wazee wetu wa Pwani na wa Magharibi huiloweka, huivundika na kuianika kabla ya kusaga. Panapotokea njaa au ukame na watu wakafupisha kazi hiyo huku hawana chakula kingine chenye protini, hutokea konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioelezwa Kongo mwaka 1938 na kuonekana pia Tanzania na Msumbiji.

Dawa nazo zina historia yake. Watu wazima wengi Kenya wanaikumbuka stavudini, dawa ya virusi vya UKIMWI iliyookoa maisha lakini ikawaacha baadhi na miguu inayowaka moto, mashavu yaliyobonyea na, kwa wachache, asidi ya lakti iliyojaa kwenye damu kwa kiwango cha kuua. Ilikuwa inazuia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiache hatua kwa hatua. Dawa zinazotolewa sasa si hizo, na hili lisemwe waziwazi darasani, kwa sababu huenda kuna mtoto pale anayemeza dawa kila siku. Asiende nyumbani akiogopa kidonge chake.

Ndiyo, mitokondria ina DNA yake: jozi 16,569 za herufi na jeni 37, urithi wa bakteria aliyeingia ndani ya seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Kwa kuwa ilikuwa bakteria, baadhi ya dawa za kuua bakteria huigusa. Wapo watu wenye badiliko moja dogo kwenye DNA hiyo ambao wakidungwa streptomaisini au gentamaisini wanaweza kuwa viziwi kabisa. Familia yenye historia ya kupoteza kusikia baada ya sindano imwambie daktari kabla ya sindano nyingine. Na vita hivi si vya upande mmoja: kimelea cha malaria kina mitokondria yake, yenye DNA ya jozi kama 6,000 tu, na dawa ya atovakuoni humpiga hapohapo.

Sasa urithi. DNA hiyo hutoka kwa mama. Mitokondria za mbegu ya baba zinazoingia kwenye yai huharibiwa. Lakini subiri kabla ya kuhitimisha, kwa sababu hapa ndipo ninapoona madhara ya kufundisha nusu. Jeni 37 hazitoshi kuijenga mitokondria. Protini zake ni zaidi ya 1,000, na karibu zote zimeandikwa kwenye kiini cha seli, kwa baba na mama sawasawa. Magonjwa mengi ya mitokondria yanayoanza utotoni hutokana na jeni hizo za kiini. Kwa hiyo shangazi asimnyooshee kidole mke wa kaka yake eti damu yake ndiyo mbovu.

Hata pale ugonjwa unapotoka kwenye DNA ya mama, ndugu wawili hawaugui sawa. Seli ina mamia au maelfu ya nakala za DNA hiyo, nzima na zenye kasoro zikiwa zimechanganyika, na kila mtoto hupata mchanganyiko wake. Mmoja anaweza kupata degedege na shambulio linalofanana na kiharusi akiwa kijana; dada yake akapata kisukari na kusikia kwa shida; mama mwenyewe akawa anachoka tu. Kuna aina inayopofusha vijana, wengi wao wavulana, jicho moja kisha la pili ndani ya wiki au miezi. Badiliko lake ndilo lililokuwa miongoni mwa ya kwanza kutambuliwa, mwaka 1988, na kundi la Douglas Wallace huko Marekani.

Viungo vinavyoumia kwanza ni vile vinavyokula ATP nyingi: ubongo, macho, moyo, misuli, masikio. Chembe nyekundu za damu zilizokomaa hazina mitokondria hata moja, swali ambalo nalipenda kwa ajili ya wale wanaojiona wamemaliza kitabu. Mtoto mwenye matatizo ya viungo viwili au vitatu visivyohusiana, anayerudi nyuma kila akipata homa, anahitaji daktari wa watoto atakayefikiria jambo hili, apime asidi ya lakti na kuuliza kuhusu ukoo. Kama ana kifafa, suala hili litajwe kabla ya kuandikiwa valproati, maana kwa wenye kasoro ya jeni iitwayo POLG dawa hiyo inaweza kuua ini.

Na vile vichupa vinavyouzwa mjini kwa maelezo ya kuamsha mitokondria? Koenzaimu Q10 ni tiba ya kweli kwa wagonjwa wachache ambao mwili wao hauitengenezi. Kwa mtu mzima wa afya anayechoka kwa sababu analala kwa muda wa saa tano tu na kukaa kwenye foleni kwa saa tatu, sioni sababu ya kuuza kuku. Kinachoongeza mitokondria za misuli ni mazoezi. John Holloszy alilionyesha hilo mwaka 1967 kwa panya waliofanyishwa mbio: vimeng'enya vya upumuaji kwenye misuli yao viliongezeka karibu maradufu.

Mtihani na usafi

Vitabu vyetu vingi vya kiada bado vinasema sukari moja ya glukosi inatoa ATP 38. Vipimo vya sasa vinatoa 30 hadi 32, kwa sababu protoni nyingine huvuja na nyingine hutumika kusafirisha ATP yenyewe kwenda nje. Kwenye mtihani, mwanafunzi aandike kinachosema kitabu alichopewa. Ukiwa na muda, mweleze tofauti hiyo inatoka wapi.

Neli zimwage kwenye sinki na maji mengi, uzioshe siku hiyohiyo. Hamira ikikauka kwenye kioo utaisugua hadi Ijumaa. Ukitaka kuiacha moja hadi kesho uone itakavyokuwa, iache wazi. Usiizibe kwa kizibo, kwa sababu hewa ya ukaa haitasubiri asubuhi, na dari letu tayari lina doa la buluu.